Madaftari Saba ya Kimezani

Wenzangu wa kitengo cha masimulizi, mliniomba hotuba ya kuaga nikakataa, kwa sababu hotuba hutolewa mtu akiwa amesimama, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mkaniomba basi niandike kurasa chache kuhusu kazi, ziwafae wanaoanza. Hilo nimelikubali. Nimekaa mezani kwangu hapa Kilburn, chai iko mkono wa kulia, na lile ua mlilonipa siku ya kuagana liko dirishani linaninyima amani, maana sijui linataka maji kiasi gani. Sitasimulia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yapo kwenye mafaili, na hata huko hayamchekeshi mtu.

Nilifika London binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Pemba. Nilikuwa najua kushona, kupiga fidla, na kuifungua redio iliyokufa nikairudisha ikiwa inaimba. Mchana nilishona mapazia kwenye kiwanda, jioni nikasoma, na baada ya miaka mingi ya sandwichi za kwenye treni nikatoka mwanasosholojia. Watu wameniita mtu wa vipaji vingi. Ukweli ni kwamba sina subira ya kumngoja fundi.

Siku yangu ya kwanza kitengoni alinipokea Kokilaben, mkuu wa wahojaji, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akiishi Rayners Lane. Alivaa sari na raba, na alitembea haraka kuliko basi. Alinikabidhi kinasa sauti, penseli mbili, daftari moja na kanuni moja.

"Daftari halifunguliwi kabla ya kikombe cha pili," alisema. "Kikombe cha kwanza ni cha adabu tu. Hapo watu wanakwambia yale wanayomwambia mtu wa kaunsili ya mtaa. Cha pili ndiyo chai yenyewe, umenisikia dada?"

Nilimsikia, lakini nilikuwa na shahada mpya na shahada mpya huziba masikio. Alasiri ile ile nikaenda Stanmore kumhoji mzee mmoja, mfamasia mstaafu kutoka Kisumu. Chai ya kwanza ilipowekwa tu, nami nikafungua daftari. Mzee akajiweka sawa, akakohoa, akanihutubia saa nzima. Nilitoka na kurasa kumi na nne kuhusu siku za kuzoa taka. Kokilaben alizisoma zote mbele yangu, polepole, akanirudishia. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa daftari kabla ya kikombe cha pili, na nawasihi nanyi msijaribu.

Kuhusu vifaa. Kinasa sauti changu cha kwanza kilikuwa kinakula kanda. Nilikitibu kwa pini ya nywele na kipande cha lastiki kutoka kiunoni mwa sketi yangu, na kikanitumikia miaka tisa, ingawa sketi haikupona. Andikeni kwa penseli. Kalamu ya wino inawafanya wazee wafikiri wanatia saini kitu. Chora sebule kabla hujachora hoja: televisheni iko wapi, nani anakaa karibu na mlango, picha ipi imegeuzwa ukutani. Na kama unajua kazi nyingine ya mikono, usiifiche. Mimi nyumba nyingi zilinifungukia kwa sababu ya sindano na fidla. Jumamosi napiga muziki kwenye harusi ya mtu, Jumatatu mama wa bibi harusi ananiambia mambo ambayo hajamwambia dada yake.

Sasa nije kwa Maalim Khatibu, maana bila yeye kurasa hizi zingeishia hapa.

Kazi yetu miaka ile ilikuwa kukusanya masimulizi ya wazee waliofika London wakiwa wamekimbia kwao: waliondokaje, na baada ya hapo waliishije. Wapemba na Waunguja wa Kilburn nilikuwa nawajua karibu wote, na kila niliyemhoji alimaliza kwa maneno yale yale: "Mtafute Maalim, yeye ndiye anayejua." Maalim Khatibu alikuwa mwalimu wa skuli huko Pemba, na hapa alisafisha mabasi gereji mpaka akastaafu. Alikaa mitaa miwili kutoka kwangu, na mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake Maryamu, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, alikuwa anaishi naye. Kuhusu kuondoka kwake Pemba, Maalim alikuwa hajamwambia mtu chochote kwa karibu miaka thelathini.

Nilikwenda kikombe cha kwanza, cha pili, cha tano. Alizungumza vizuri sana kuhusu mvua. Siku nilipothubutu kuweka kinasa sauti mezani, aliinuka, akachukua kile kifuniko cha sufi cha birika la chai, akakivisha kinasa sauti changu taratibu kama anayemvisha mtoto kofia.

"Zuhura mwanangu," akasema, "hichi kidude chako kina masikio makubwa."

"Tutakizima, Maalim. Nitaandika tu."

"Utaandika Kiswahili?"

"Kiswahili."

"Kitasomwa."

"Basi Kiingereza."

"Hicho ndo kitasomwa mbio."

Hapo nikafanya jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Nikadanganya. "Mimi nina lugha yangu mwenyewe, Maalim. Naandikia siri. Hakuna mtu duniani anayeijua."

Akavaa miwani yake. "Hebu nambie, 'Tunakunywa chai.'"

"Suku lamo tevi," nikasema, bila kupepesa.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Njoo wiki ijayo."

Nilishuka ngazi nikiimba. Wiki iliyofuata nikarudi na daftari jipya. Maalim akamimina chai, akaketi, akaniomba nimtamkie tena ile sentensi ya chai.

"Suku dano tevi," nikasema.

Akakiweka kikombe chini. "Wiki iliyopita chai ilikuwa lamo. Leo imekuwa dano. Chai imebadilika, au wewe?"

Nilitamani sakafu inifiche. Akaendelea, bila hasira hata kidogo: "Nimesomesha darasa la tano miaka kumi na minane. Uso wa mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani naujua hata gizani."

Nikakiri yote. Nilidhani atanionesha mlango. Badala yake alicheka mpaka akavua miwani. "Basi nenda kaitengeneze," akasema. "Ukimaliza uje nikusahihishie."

Ndivyo ilivyozaliwa lugha yangu. Wengine hubuni lugha kwa ajili ya amani ya dunia. Mimi niliibuni kwa sababu nilikamatwa na mwalimu. Nilifikiria kwanza ule mchezo wetu wa utotoni wa kugeuza maneno kinyume, lakini Mpemba yeyote angeukunjua kabla chai haijapoa. Ilibidi nianze na meza tupu. Nilichagua sauti zinazoimbika, nikalipima kila neno kwenye fidla, na jirani wa juu akatoa maoni yake kwa mpini wa ufagio. Niliandika kwa herufi za kawaida, kwa kuwa nilitaka kuandika mbio. Baada ya wiki tatu nilikuwa na maneno mia nane na kamusi moja ya mkono. Nikaipa jina Kimezani, kwa sababu haikuwahi kwenda mahali pengine.

Kokilaben alipoiona alinigusa paji la uso kupima homa. Kisha akataka kujua neno la mama mkwe. Nilipomwambia, akalitamka mara tatu na kuondoka akiwa na furaha.

Maalim aliisahihisha kwa wino mwekundu. Mtihani wangu wa kwanza nilipata sita juu ya kumi. "Neno lako la huzuni refu mno," aliandika pembeni. "Mwenye huzuni hana pumzi ya kulimaliza." Nikalifupisha, na mpaka leo ndilo neno ninalolipenda kuliko yote niliyoyatunga.

Kabla hatujaanza alinitaka ahadi, na niitoe kwa Kimezani. Nikaitoa: madaftari haya hatayasoma mtu yeyote, isipokuwa yule ambaye Maalim mwenyewe amempa ruhusa.

Tukawa tunakutana kila Jumanne asubuhi, kwa sababu mchana alikwenda kumchukua mjukuu wake, binti wa Maryamu, kwenye chekechea. Alisimulia kwa Kiswahili, mimi nikaandika kwa Kimezani, kisha yeye akasoma na kurekebisha. Yalijaa madaftari saba. Aliyoniambia nitayafikia. Kwanza niseme jambo moja lililonishangaza. Kila tulipokuwa tunakaribia mahali pazito, alinikatiza kudai neno.

"Hatuna neno la mapovu ya sabuni."

"Mapovu, Maalim? Si tuko kwenye habari ya kuondoka Pemba?"

"Hata hivyo."

Wiki nyingine akataka bembea. Kisha kufunga kamba za viatu. Kisha biskuti iliyovunjika nusu, na paka asiyependa kushikwa. Niliyatunga yote kwa utii. Na kwa kuwa mimi ni mtu niliyesomeshwa, sikukubali kwamba mzee anataka neno la mapovu kwa sababu anataka neno la mapovu. Niliandika makala. Nilieleza humo kwamba mkimbizi mzee, anapokaribia kumbukumbu inayomuuma, huomba msamiati wa utotoni ili arudi mahali palipokuwa salama. Makala ile ilisifiwa sana. Wengine wenu mliisoma chuoni. Mmoja wenu, sitamtaja, aliinukuu mbele yangu kwenye usaili wa kazi, nami nikaitikia kwa kichwa, kwa uzito. Ikumbukeni hiyo makala.

Maalim Khatibu alifariki mjukuu wake alipokuwa na miaka kumi na moja. Aliugua siku chache tu. Nililia kama nimefiwa na baba, na wiki mbili fidla haikutoka kwenye sanduku lake. Ruhusa hakuwa amemwachia mtu. Nikayaweka madaftari saba pamoja na kamusi kwenye sanduku la bati, nikalifunga kwa kufuli ndani ya kabati la ofisi, nikaendelea na kazi. Nimewahoji wauguzi, madereva, wenye maduka wa Rayners Lane, na mama mmoja aliyekubali kuhojiwa akiwa anapika tu, kwa hiyo daftari lake mpaka leo lina harufu ya bizari. Kokilaben alistaafu. Vinasa sauti vikawa vidogo, kisha vikaingia kwenye simu, na sikuwa na la kutengeneza tena.

Mtu asiyetaka kusema si kazi ngumu, mtazoea. Kazi ngumu ni yule aliyekwisha kusema, nawe umeahidi.

Miezi michache kabla ya kustaafu kwangu alikuja ofisini mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambulisho cha shule bado kinaning'inia shingoni. Alikuwa Sabra, yule mjukuu wa Maalim. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi Stanmore. Nilikuwa nikimwona harusini na misibani, lakini hapo alikuja peke yake na hakutaka hata biskuti.

"Aunty Zuhura, ni kuhusu mama," akasema. "Mamdogo zake wamemwalika Pemba. Ticket ipo, leave ameshapewa, halafu sasa hataki. Anasema wakimuuliza yeye ni mtoto wa nani, atasema nini?"

Nilijua maana yake. Maryamu aliletwa huku akiwa mchanga, na hakuwahi kurudi hata mara moja. Akiwa msichana, kwenye harusi moja, mama mmoja mgeni kutoka nyumbani alimwambia mbele ya watu: "Baba yako alituachia watoto skuli bila mwalimu, akakimbilia raha Ulaya." Alirudi nyumbani akamuuliza baba yake. Maalim akanyamaza. Na tangu siku hiyo Maryamu aliubeba ule ukimya kama jibu.

"You know what happened," Sabra akasema. "Babu alikwambia wewe. Mimi nataka tu kujua why, ili mama aende."

Nililijua jibu. Lilikuwa kwenye daftari la tatu, mita mbili kutoka alipokaa, nyuma ya kufuli. Jibu lile lingemtoa Maryamu aibu ya maisha yake yote. Nikasema, "Niliahidi, Sabra."

"Promise kwa mtu aliyekufa?"

"Hasa huyo. Aliye hai ningemwomba aniachie."

Aliondoka bila kuaga vizuri, na siwezi kumlaumu. Nilijisikia vibaya sana. Nilirudi nyumbani nikashona mto mzima nikaufumua.

Kisha, kama mnavyokumbuka, tukaambiwa kitengo kinahama jengo. Kila boksi ama liende kwenye hifadhi ya nyaraka, ama liingie kwenye mashine ya kuchana karatasi. Watu wa hifadhi walikuja kuyaona madaftari yangu, wakayageuza huku na huku, wakasema wanayataka, mradi niwape na kamusi. Kuwapa kamusi ni kumpa kila mtu. Nikaamua: Ijumaa yangu ya mwisho, madaftari saba na kamusi yake vitaingia mashineni, na lugha yangu itakufa ikiwa na msemaji mmoja, ambaye ni mimi.

Lakini nilimwonea huruma Sabra. Nikampigia simu nikamwambia aje baada ya shule, si kusoma, aje tu kuuona mwandiko mwekundu wa babu yake kabla haujapotea. Nilidhani hapo nimekuwa mwerevu: ahadi nimeitunza, na mtoto nimempa kitu cha kushika.

Alikuja. Tulikaa kwenye chumba cha chai, pale karibu na jokofu lenye maziwa ya kila mtu na jina la kila mtu. Nikamfungulia daftari la tatu.

"Ona," nikamwambia, "huyo ndiye yeye, anavyonikosoa. Maneno mengine usijisumbue nayo. Hayasomeki, ni ile lugha niliyo..."

Sabra alikuwa ameweka kidole kwenye mstari. Midomo ilikuwa inatembea. Ghafla akacheka, na mimi sikuwa nimemwambia jambo la kuchekesha.

"Aunty," akasema, "kwa nini umeandika kwa lugha ya babu?"

"Lugha ya nani?"

"Ya babu. Yetu. Tulikuwa tunaiongea njiani from nursery. Mapovu, bembea, yule paka wa next door aliyekuwa hataki kushikwa." Akayataja yote kwa Kimezani, moja baada ya jingine, kwa lafudhi ya Pemba, bila kukosea. "Tuliongea mpaka alipokufa. Mama alidhani tunacheza tu. Mimi nilidhani kaitunga yeye!"

Bahati nzuri nilikuwa nimeshakaa.

Kitu cha kwanza kilichonijia, na naona haya kukiri, ni makala yangu. Kurasa ishirini na mbili kuhusu mkimbizi anayerudi utotoni. Kumbe Jumanne saa sita na nusu mzee alikuwa na miadi na mtoto wa miaka minne, na jana yake mtoto kamuuliza jina la mapovu, na babu hakuwa nalo. Basi. Nimeshawaandikia wahariri sahihisho. Yule aliyeninukuu kwenye usaili asihofu, kazi anayo.

Kitu cha pili kilikuja taratibu. Isipokuwa yule ambaye Maalim mwenyewe amempa ruhusa. Miaka yote nilikuwa naingoja ruhusa ije kwenye barua, au kitandani hospitali, au kwa shahidi. Yeye aliitoa neno moja moja, njiani kutoka chekechea, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namtengenezea kila wiki. Sina ushahidi kwamba alikusudia, na mambo ya kuandika bila ushahidi nimeyaacha. Lakini mtu aliyekumbuka lamo kwa wiki nzima hakumfundisha mtoto lugha ile kwa bahati mbaya.

"Endelea," nikamwambia Sabra. "Soma kwa sauti."

Akasoma, akitafsiri kadiri anavyokwenda, kwa sauti yake ya darasani. Ilikuwa miaka ya hofu, watu wanachungana midomo. Maalim aliwapa watoto wa darasa la tano insha, jambo la kawaida kabisa: "Nyumbani kwetu jioni." Watoto thelathini na mmoja wakaandika walichokijua. Huyu baba yake anasikiliza redio ya wapi akiwa amejifunika shuka. Yule ami yake amewaita wakubwa majina gani. Maalim alisoma insha nne, akayafunga madaftari. Jumatatu mkaguzi alikuwa anakuja kuyatazama madaftari yote. Akiyachoma, wataulizwa watoto. Akiyaficha, ataulizwa yeye, na hakujiamini kwamba akiulizwa sana atanyamaza. Njia iliyobaki ni mwalimu na madaftari vipotee pamoja, ili lawama zote zimfuate yeye. Ijumaa ile aliwaambia watoto, "Jumatatu nitawarudishia yakiwa yamesahihishwa." Akayapanga madaftari chini kabisa ndani ya kikapu, juu yake akaweka muhogo, akamchukua mkewe na mtoto mchanga, wakaondoka kuelekea Mombasa. Hakuna baba hata mmoja aliyeulizwa neno.

"Kwa nini hakusema baadaye?" Sabra akauliza, macho yamejaa.

"Angejitetea vipi bila kusema ndani mliandikwa nini, na kuhusu nani? Wengine walikuwa hai bado. Soma mstari wa chini."

Akausoma. Ndio mstari ambao Maalim aliusimulia akiangalia dirisha: kwamba wanaosema alikimbia hawakumuumiza, kilichomuumiza ni ile Jumatatu, kwa sababu hakuwahi kuwadanganya watoto kabla ya hapo.

Sabra akajifuta uso kwa kitambulisho chake cha shule, kitambaa kikiwa mbele yake. "Aunty," akasema, analia na kucheka, "hiyo composition nimewapa darasa langu last month."

Kisha akampigia mama yake. Sikuyasikia yote, nilikuwa nimekwenda kujitia shughuli na birika. Nilisikia tu Maryamu, upande wa pili, akisema kwa sauti ya juu kabisa, "Alikuwa ananibeba mimi na muhogo?" Na wote wawili wakaanza kucheka huku wakilia.

Mashine ya kuchana karatasi haikupata kitu Ijumaa ile, na ndiyo sababu niliichelewa sherehe yenu. Madaftari yapo kwa Sabra na mama yake, na wao ndio watakaoamua kuhusu hifadhi; haya niliyowaandikia hapa wamenikubalia. Baba wa wale watoto wameshatangulia wote. Kamusi ina nakala mbili sasa, na ya Sabra ni nene kuliko yangu, kwani yeye na babu yake walikuwa wameongeza maneno wakiwa njiani ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Jumapili moja alikuja kunifundisha. Nilitaka kuyaandika mara moja. Akaniwekea mkono juu ya daftari.

"Babu alisema mpaka kikombe cha pili," akasema. Kumbe hata hiyo nilikuwa nimemsimulia Maalim.

Maryamu alikwenda. Juzi, mimi na Sabra tukiwa hapa mezani na yale madaftari, alitupigia simu ya picha kutoka Pemba, uso umejaa jua. Pembeni yake alikaa mama mzee, mnene, mwenye ushungi wa kijani, ambaye alikuwa amemuuliza sokoni yeye ni mtoto wa nani. Maryamu alikuwa amemjibu, tena kwa sauti, na akamweleza yote.

"Mimi ni Asha Hamadi," yule mama akatuambia, akiisogelea simu mpaka tukamwona pua tupu. "Nlikuwa dawati la mbele. Jumatatu ile nlikuwa wa mwanzo kufika skuli. Nliandika kurasa mbili nzima, wenzangu waliandika moja. Sasa hebu nambieni, nlipata ngapi?"

Mimi na Sabra tukatazamana. Daftari la saba sijawaeleza bado. Maalim alifika London na yale madaftari ya watoto, akayasahihisha yote thelathini na moja, kisha akayachoma moja moja kwenye sinki la jikoni. Lakini alama alizihifadhi kichwani, na asubuhi zetu za mwisho alinisomea zote nikaandika, jina, alama na maoni ya mwalimu. Niliandika huku nikijiuliza yatamfaa nani.

Sabra akalifungua. Kidole kikashuka kwenye orodha, kikasimama.

"Asha Hamadi," akasoma. "Nane juu ya kumi. Hati nzuri. Anasema mno."

Simu ilitikisika kwa kicheko mpaka picha ikapotea. Tulipoipata tena, Asha Hamadi alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Na hao wenzangu?" akasema. "Ngojeni niwaite, wengine wako hapa hapa. Msilifunge daftari."